Injini za Kuanzia na Mstari Niliouacha

Nina madaftari mawili ya magari. La kwanza ni chafu: limejaa maneno yaliyokatwa, mishale, alama za vidole vyenye grisi na doa moja la mtori, supu yetu ya ndizi. Hilo natembea nalo kila mahali, hata kanisani. La pili ni safi. Ndani yake hakuna neno hata moja lililokatwa, kwa sababu nikikosea herufi moja naichana karatasi yote na kuanza upya. Ukurasa ninaotaka kuuzungumzia hapa niliuandika mara saba kabla haujawa safi, na ndio ukurasa wa aibu kuliko yote niliyowahi kuandika.

Nafanya kazi kwenye duka la spea mjini Moshi na nimepanga chumba mtaa wa Soweto hukohuko. Chuo sikwenda. Ninachokijua kuhusu injini nilikipata kaunta, kwenye vitabu vya namba za spea, kwenye video za simu nilizozitazama nikiwa na kamusi pembeni, na kwa kuwauliza mafundi maswali mpaka wakawa wakiniona nakuja wanajifanya wako chini ya gari. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu moja isiyoisha: kwamba kuna somo la kwanza kabisa ambalo wenzake wote walifundishwa na yeye akalikosa. Ndiyo maana nakagua kila kitu mara tatu. Nikimuuzia mteja pedi za breki, jioni nampigia simu kuuliza kama zimekaa vizuri. Wengine wanadhani nawataka.

Mambo ya magari ya mbio yalinianzia Himo. Nilitumwa njiapanda kupokea mzigo wa duka uliokuwa unakuja na basi. Basi likachelewa, nikakaa kwenye kivuli cha kituo cha mafuta. Likaingia gari la bluu lenye namba za Kenya, milango miwili, limeinama chini kiasi kwamba mjaza mafuta naye alilazimika kuinama kama anayesalimia wazee. Mwenyewe akafungua boneti kupima oili. Nikasogea. Nilitegemea kuona injini imesimama kama zote nilizozizoea, lakini hii ilikuwa imelala. Pistoni zake zinapiga kushoto na kulia badala ya juu na chini, kwa hiyo injini yote imekaa chini kabisa, kama mtu aliyejilaza jamvini.

"Unaijua hii?" yule baba akaniuliza, kwa upole tu.

"Naijua."

"Ina silinda ngapi?"

"Sita."

Akacheka. Zilikuwa nne. Akafunga boneti, akawasha, na gari likaondoka kuelekea Marangu kwa mlio wa kukoroma ambao niliusikia mpaka lilipopotea kwenye kona. Nilirudi Moshi na mzigo wa duka na aibu ya silinda mbili za ziada. Wiki hiyohiyo nikanunua daftari.

Watu wengi wanaopenda magari ya mbio wanabishana kuhusu injini kubwa. Mimi nilianza kulinganisha injini za kuanzia. Kiwanda kinatengeneza gari moja, halafu kinaliuza na injini mbili au tatu tofauti, na ile ya chini kabisa ndiyo ya kuanzia, ya mtu ambaye uwezo wake unaishia hapo. Wenye injini kubwa wanaidharau. Mimi niliipenda kwa sababu hata kwenye ndoto nilijua nafasi yangu. Halafu kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba injini ndogo haidanganyi. Injini kubwa inaweza kuficha gari baya. Ile ya kuanzia haina nguvu za kufichia, kwa hiyo uzito, usukani, giaboksi, kila kitu kinajulikana.

Sasa nimtambulishe dada yangu. Ni binti wa baba mkubwa, kanizidi wiki tatu, na wiki hizo tatu hajawahi kuzisahau. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye kihamba, shamba la nyumbani, na wazazi. Baba yangu ni wa mwisho. Kwa hiyo mimi nilikulia Uru, mlimani juu ya Moshi, kwa bibi, kwenye migomba na kahawa na ng'ombe anayekula majani niliyoyakata mimi, wakati dada yangu alikulia Dar na kuja Desemba. Kila Desemba walikuja, kama wanavyokuja Wachagga wote, na kila Desemba alikuja na kitu: viatu vinavyowaka taa, simu, nywele, baadaye Kiingereza. Mimi nilikuwa nasimama getini nimeshika ndoo. Bibi, ambaye alinisikia nikikohoa kila usiku wa mwaka mzima, alikuwa anatoka jikoni anakimbia kumpokea yeye. Sikuwahi kumuona bibi akikimbia kwa ajili yangu. Nisingeweza kumuona, nilikuwepo siku zote.

Nilijiwekea ahadi ya kitoto ambayo sikuiacha hata nilipokua. Siku moja mimi ndiye nitakayefika Desemba. Nitaondoka kidogo, hata mpaka Arusha tu, halafu nitarudi na lile gari la bluu la injini ya kulala, na bibi atatoka jikoni akikimbia.

Mwaka jana, katikati ya mwaka, dada yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Anafanya kazi ya kutoa magari ya watu bandarini, na sasa alikuwa anaagiza la kwake.

"Injinia wangu, shikamoo yangu iko wapi?" Ndivyo anavyoanza siku zote, kwa sababu ya zile wiki tatu. "Sikia. Nataka kagari ka raha. Kadogo, ka mbio mbio, injini ya kuanzia tu, sitaki makuu. Nimeona matatu, nakutumia picha. Mimi najua makaratasi, injini wewe ndiye unajua. Utakalosema ndilo nitakalochukua. Naapa."

Niliirudia ile sauti mara nyingi. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuniambia kwamba nitakalosema ndilo atakalofanya. Nilifungua picha. Ya kwanza, sawa. Ya pili ilikuwa lile gari la Himo. Hata rangi.

Nieleze kama nilivyoeleza kwenye daftari chafu, kwa haki kabisa.

Gari la kwanza lilikuwa la Kijapani la wazi, viti viwili, paa la turubai. Injini yake ya kuanzia ni ya lita moja na nusu na haina tabo, yaani ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Kwa maandishi ni dhaifu. Lakini gari lenyewe ni jepesi, na wepesi ni nguvu isiyoandikwa kwenye tangazo: linakata kona vizuri, linakula mafuta kidogo, breki hazichoki. Kasoro yake ni kwamba huwezi kumbeba bibi na mkungu wa ndizi kwa safari moja.

La pili ni hilo la injini ya kulala. Lita mbili, halina tabo. Uzito wake uko chini, kwa hiyo kwenye kona haliyumbi. Injini inapenda kuzungushwa. Ukiiendesha kwa woga inakudharau. Katikati ya mizunguko yake kuna kama bonde, mahali ambapo unakanyaga na yenyewe inafikiri kwanza, halafu ukivuka hapo inaamka na kupiga kelele mpaka juu. Inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe tu, na hewa ya huku mlimani ni nyepesi, kwa hiyo nguvu iliyo nayo pwani haifiki nayo yote Uru. Lakini giaboksi ya mkono ni imara, haina mambo mengi, na mtu wa Dar anapanda Uru mara moja kwa mwaka.

La tatu lilikuwa la Ulaya, la kifahari kidogo ndani, injini ya chini kuliko zote za aina yake, lakini yenye tabo. Nguvu yake inakuja mapema, kama mtu anayekusukuma mgongoni. Mlima hauitishi, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi tabo inaisukuma zaidi. Giaboksi yake ina klachi mbili kavu na inajibadilishia gia yenyewe, haraka kuliko mkono wa binadamu. Na hapo ndipo ulipokuwa mstari. Klachi hizo zinapenda barabara iliyo wazi. Ukizitia kwenye foleni ya kusogea hatua moja moja, tena kwenye joto, au ukazipandisha mlima kwa mwendo wa konokono, zinasuguana bila kushika, zinapata moto, na gari linagoma. Kwenye daftari chafu nilikuwa nimeandika, na kupigia mstari mara mbili: *Usimshauri mtu wa Dar. Foleni na joto vitaua klachi.*

Jibu lilikuwa wazi, basi. La pili.

Na la pili lilikuwa langu. Sikuwa nalo, sikuwa hata na baiskeli. Lakini nilikuwa nimelipata Himo kwa aibu yangu mwenyewe na kulisoma miaka minne, na yeye alikuwa ameliona kwenye tangazo asubuhi hiyo akiwa anakunywa chai. Nilimuona akiingia getini nalo. Nilimuona bibi akikimbia.

Nikakaa kitandani na daftari safi. Niliandika yote matatu kwa wino mweusi na vichwa vya habari kwa wino wa bluu. La injini ya kulala nililiandikia bonde lake na hewa ya mlimani, kila neno kweli, nikaziweka kasoro hizo juu kabisa. La Ulaya nililiandikia tabo, mlima, viti. Mstari wa klachi sikuuandika. Mara ya kwanza niliuandika, nikachana karatasi kwa sababu herufi moja ilikuwa imepinda. Mara ya pili niliuandika, nikachana. Mara ya tatu niliuruka kujaribu tu ukurasa utaonekanaje bila huo, na ulionekana mzuri. Hizo nyingine nne zilikuwa za kunyoosha mwandiko. Chini nikaandika: *Chukua la tatu.*

Nilimpa dereva wa basi bahasha ampelekee, kwa sababu nilitaka aushike mkononi aone ulivyo nadhifu. Hilo nalo nalikiri. Nilikuwa namdanganya na bado nilitaka asifie mwandiko.

Gari lilipofika alinipigia kwa video, analiendesha viatu kavua, anacheka. Mwezi uliofuata akanitumia sauti nyingine: "Injinia, hili gari kwenye foleni linakuwa kama linasitasita, linatetemeka kidogo. Ni ugonjwa?"

Nilikuwa kaunta. Nikaandika: *Ni kawaida ya giaboksi hizo.* Ilikuwa kweli, vilevile.

Desemba akaja. Tulisikia gari kabla hatujaliona, likipanda kutoka chini bila kubadilisha pumzi, na mimi nilikuwa getini. Safari hii sikushika ndoo; nilikuwa nimeiweka chini makusudi. Lilikuwa jeupe. Bibi akatoka jikoni akikimbia, kanga inataka kudondoka, ana miaka mingi kuliko mgomba wowote pale, na anakimbia.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba mjukuu wangu, marahaba! Hiki ni nini? Mbona kimekaa chini kama bata anayeatamia?"

"Ni gari la mbio, bibi. Kalichagua huyu." Akanivuta mkono mbele ya baba, mama, wajomba na majirani waliokuwa wameshafika kuangalia. "Wote niliowauliza Dar waliniambia ovyo ovyo. Huyu kaniandikia ukurasa mzima. Toka Dar mpaka hapa limepanda kama linateremka. Mnaye injinia humu ndani na mnamtuma majani ya ng'ombe!"

Watu wakapiga makofi. Mjomba akaniita injinia na akanimiminia mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu cha wakubwa. Nilikuwa nimeota makofi hayo tangu utotoni, na sasa yalikuja kupitia mdomo wake, yeye ndiye aliyenigawia, kama alivyokuwa akinigawia viatu vyake vilivyombana. Nilikunywa mbege na wivu ukashuka nayo. Niliona wivu hata kwa ukarimu wake. Ningekuwa mimi nisingesema kwamba nilisaidiwa.

Jumapili iliyofuata akasema atatupeleka kanisani mimi na bibi. Bibi alikaa mbele. Mimi nilijikunja nyuma kwenye kile kiti ambacho nakijua kwa sentimita, magoti kidevuni, mkoba wenye Biblia na daftari chafu mapajani. Kwenda tulikwenda salama. Kurudi, saa sita mchana, barabara ya Uru ilikuwa imejaa. Ilikuwa Jumapili ya kipaimara, na wenye watoto wao walikuwa wamekodi matarumbeta. Kikundi kizima kilikuwa juu ya pikapu mbele yetu, kikipuliza, na nyuma ya pikapu akina mama wenye sare za kitenge wakicheza kwa kurudi nyuma, wakimtazama mtoto aliyevaa nyeupe. Hakuna mtu Uru anayepiga honi kwenye matarumbeta ya kipaimara. Unawafuata. Mwendo wao ndio mwendo wako, mlima wote, mpaka nyumbani kwa wenye sherehe.

Gari likasogea hatua moja, likasimama. Likasogea nusu hatua. Nilihisi mtetemo chini ya kiti. Bibi alikuwa anapiga makofi kwa mapigo ya ngoma. Mimi nilikuwa nahesabu. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Halafu nikasikia harufu, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Dada yangu akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, na gari likaanza kurudi nyuma.

"Breki!" nikapiga kelele. "Kanyaga breki, weka P, vuta handibreki. Usiguse mafuta. Injini iache inanguruma. Dakika ishirini, klachi zipoe, usijaribu kabla."

Alifanya yote. Matarumbeta yakasonga mbele yakatuacha. Nyuma yetu magari yakaanza kupita kwa shida upande wa mtaro, kila dirisha na neno lake.

"Dada, mbona gari la mbio linatembea kwa miguu?"

"Kapeni maji, kamechoka!"

"Mangi, lifunge kamba na ng'ombe!"

Dada yangu hakucheka. Alikuwa ananiangalia kwenye kioo.

"Umejuaje ni klachi?"

"Ni... harufu."

"Harufu nimeisikia na mimi. Nauliza dakika ishirini umezitoa wapi. Umesema kama unasoma." Akageuka. "Nipe daftari tuone hiyo taa maana yake nini."

"Siyo lazima, nakumbuka."

"Lete."

Alinyoosha mkono nyuma na kuuchukua mkoba mwenyewe mapajani pangu. Anaujua mwandiko wangu. Alifunua mpaka akapata ukurasa wenye magari matatu, akausoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akafungua kisanduku cha mbele ya magoti ya bibi na kutoa karatasi. Alikuwa ameitia kwenye plastiki ngumu, kama cheti. Akaziweka kurasa mbili juu ya usukani, safi na chafu, ubavu kwa ubavu.

"Usimshauri mtu wa Dar," akasoma kwa sauti. "Umepigia mstari mara mbili. Mimi ni mtu wa wapi?"

Akaugonga ule mstari kwa kidole.

"Na nilikuuliza. Mwezi wa kumi nilikuuliza kwamba linasitasita. Ukasema ni kawaida."

"Mnagombania nini?" bibi akauliza.

"Gari, bibi."

"Gari limesimama, mnagombania nini?"

Nikasema. Nilisema kila kitu nikiwa nimejikunja pale nyuma, nikiongea na migongo ya viti: kwamba lile la bluu nililitaka mimi, kwamba nisingevumilia aingie getini nalo, kwamba niliandika ule mstari mara mbili na kuuchana mara mbili. Nilisema hata ya viatu vya taa. Sikujua kama nilikuwa bado navikumbuka.

"Si ungeniambia," akasema. "Ungesema tu, dada, hilo usiguse, ni langu. Ningekucheka. Lakini nisingegusa."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nilidhani ni la unyenyekevu. Kando ya barabara kulikuwa na mpaka wa kihamba cha mtu, na mpaka wenyewe ni masale, yale majani marefu ya kijani yanayopandwa kwetu kila mahali. Aliyekosa akimpelekea sale aliyemkosea, mkosewa lazima asamehe. Hata kama ni damu imemwagika. Akikataa, ukoo wote unahamia upande wa mkosaji. Nikatoka kwa shida, bibi akiwa ameinamisha kiti chake, nikaenda kwenye ule mpaka. Nikaanza kuchagua. Moja lilikuwa na doa, nikaliacha. Jingine lilikuwa limeliwa ncha na mdudu.

"Unachagua nini?" bibi akanipigia kelele dirishani. "Unanunua kitenge? Kata, ulete!"

Nikakata lililokuwa mkononi. Nikalifunga fundo kama nilivyoona wazee wakifanya, nikampa dada yangu kwa mikono miwili.

Aliligeuza mkononi. Gari jingine likapita, mtu akatutania.

"Nimepokea," akasema. "Bibi yuko hapa, siwezi kukataa. Na wewe ulijua siwezi kukataa."

Nilikuwa nimejua. Nilikuwa nimetafuta, kama kawaida yangu, njia isiyo na kasoro, na nilikuwa nimemnyima hata haki ya kukasirika kidogo. Aliliweka sale juu ya dashibodi. Kisha akaitoa ile karatasi kwenye plastiki na kunipa na kalamu.

"Andika."

"Wapi? Hakuna nafasi."

"Andika."

Niliegemeza karatasi kwenye boneti iliyokuwa ya moto. Nafasi kweli haikuwepo. Nilikuwa nimeupanga ukurasa ule ujae sawasawa. Niliuandika mstari wa klachi pembeni, kwa kusimamisha, herufi zikibanana na kupanda juu ya vichwa vya bluu. Ulikuwa mbaya kuutazama. Dada aliusoma, akairudisha karatasi kwenye plastiki, akaifungia mahali pake.

Klachi zilipopoa barabara ilikuwa tupu. Aliwasha, tabo ikavuta pumzi, na gari likapanda ule mlima uliobaki kwa urahisi ulioniuma. Bado niliona wivu. Nilidhani kukiri kungeuondoa, na nikakaa pale nyuma nikiusubiri uondoke kama nilivyokuwa nimesubiri zile dakika ishirini.

Siku ya kurudi Dar alinikuta zizini. Hakuniita injinia.

"Hili naliuza," akasema. "Nitamwambia mnunuzi kila kitu, karatasi yako nitampa. Halafu nachukua la kulala. La bluu, kama bado lipo." Akasubiri niseme kitu. Hii ndiyo ilikuwa hasira yake, ile ambayo sale halikuweza kuizuia. "Niandikie ukurasa wake. Wote. Ukiacha neno nitajua."

"Nitaandika."

"Na usinitumie kwa basi. Piga picha, leo leo."

Alipoondoka nilikaa jikoni kwa bibi, kwenye kigoda, na daftari safi magotini. Niliandika gari langu lote. Niliandika mlio wa Himo na uzito uliokaa chini. Niliandika bonde la katikati na jinsi ya kulivuka: usingoje, shuka gia moja, acha injini ipande. Nikaandika mambo ya kukagua kabla ya kununua, hata yale niliyoyapata baada ya miezi ya kutafuta na ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nayaweka kwa siku ambayo ningelinunua mimi. Kila mstari ulikuwa kama kutoa nguo zangu kabatini na kuzikunja kwenye begi la mtu mwingine. Nilipofika kwenye hewa ya mlimani kalamu ikateleza, nikaandika neno vibaya. Nikalikata. Nikaandika sahihi juu yake.

Bibi alikuwa anamenya ndizi, akinitazama.

"Hili la bluu," akasema, "nalo limekaa chini?"

"Chini zaidi, bibi."

"Utaniinua wewe kutoka humo. Yule hana nguvu, mikono ya ofisini."

Nikaupiga picha ukurasa, na lile neno lililokatwa likionekana wazi katikati, nikautuma. Alama mbili za bluu zikatokea muda huohuo. Nikaweka simu chini, nikachukua panga, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.